Ukanda wa Kunolea Wembe Si Ngozi ya Ng'ombe Tu

Leo tuzungumze habari ya wembe. Siyo wembe mdogo wa dukani, ule wa kutumia na kutupa. Tunasema wembe wa kukunja, wenye mpini, ambao baadhi ya wazee wetu bado wanao na hawamwazimi mtu. Wembe huo ukitunzwa unadumu miaka mingi. Lakini haukati vizuri bila mwenzake, na mwenzake ni ukanda wa kunolea.

Wengine wanadhani ukanda unafanya kazi ya jiwe. Sivyo. Jiwe, yaani kinoo, linakula chuma. Ukanda hauli chuma, au unakula kidogo mno. Makali ya wembe ni membamba sana. Ukishanyoa yanapindapinda, ingawa kwa macho huoni kitu. Ukanda unayanyoosha na kuyang'arisha. Basi funga ukanda ukutani, uuvute ukaze. Laza wembe bapa. Mgongo utangulie, makali yafuate nyuma. Ukifika mwisho, ugeuze kwa mgongo wake, urudi. Mara 20 au 30 zinatosha. Ukitanguliza makali utakata ukanda, na ukanda ukilegea makali yatakuwa butu. Usikandamize. Uzito wa wembe wenyewe unatosha.

Sasa ukanda huo ni wa nini? Wengi watajibu: ngozi ya ng'ombe. Kweli, lakini watu wa dunia wamejaribu mengi. Wapo wanaosifu ngozi ya farasi, hasa ya matakoni, kwa kuwa ni nzito na laini. Wapo wa ngozi ya nyati wa maji, na huko Australia wapo wa kangaruu. Wengine walichukua mipira ya zamani ya wazima moto, ile iliyofumwa kwa kitani, wakaipasua na kuitandaza. Wengine hutumia mguu wa suruali ya jinzi, au mkanda wa gari kuukuu. Na wapo vinyozi wanaomalizia juu ya kiganja cha mkono! Hilo hatumshauri mtu.

Vya ajabu zaidi ni vile vinavyoota. Katika nchi za baridi za Ulaya kuna uyoga mgumu unaoota ubavuni mwa mti mmoja wenye gome jeupe. Watu waliukata vipande, wakaukausha, wakanolea nyembe. Mpaka leo Waingereza wanauita kwa jina hilo hilo, uyoga wa ukanda wa wembe. Tena kuna mmea wa Meksiko uitwao agave. Bua la ua lake likikauka lina chembe ndogo ngumu ndani, nao wakalipasua na kunolea. Mmea huo ni ndugu kabisa wa mkonge wetu, ambao Dkt. Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893.

Na asiye na chochote kati ya hivyo? Basi achukue gazeti. Ndiyo, karatasi kama hii mnayoisoma. Likunje liwe nene, uliweke juu ya ubao ulionyooka. Karatasi ya gazeti na wino wake vinang'arisha makali vizuri. Ila tunaomba mlisome kwanza!

Kwa maoni yetu, ngozi ya mbali haimshindi mkanda wa suruali uliochakaa. Kinachotakiwa ni kitu kilichonyooka, kikavu, kisicho na mchanga. Punje moja ya mchanga inatosha kupiga pengo kwenye makali.

Lakini kuna ngozi moja ambayo mtu asiiguse, hata ikiwa nzuri namna gani. Ni ngozi ya mnyama aliyejifia. Ng'ombe akifa ghafla, damu ikamtoka puani au nyuma, huenda ni kimeta. Usimchune, wala usikate ukanda hapo. Mbegu za kimeta hazifi kwa kuanikwa juani, na katika udongo zinakaa miaka mingi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, askari na raia wa Uingereza na Marekani walipata kimeta usoni na shingoni. Kilitoka wapi? Kwenye brashi za kupakia sabuni ya kunyolea, zilizotengenezwa kwa manywele ya farasi yasiyosafishwa vizuri. Wengine walikufa. Kwa hiyo mwite bwana mifugo kwanza, kisu kikae alani.

Jambo jingine ni damu. Wembe ukimkata mtu hata kidogo, damu inabaki kwenye makali, na kutoka hapo inaingia kwenye ukanda. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 vikiwa vizima. Virusi vya UKIMWI pia viko katika damu. Wembe wa chuma unaweza kuuchemsha dakika 20. Ngozi ukiichemsha inajikunja na kukakamaa, haifai tena. Ukanda ulioingia damu utupwe, hata kama ni wa farasi na ulinunuliwa kwa fedha nyingi. Hapo gazeti linaishinda ngozi: ukimaliza kunoa, unalichoma, na kesho unachukua jingine. Nyumbani, kila mtu awe na wembe wake na ukanda wake. Kwa kinyozi, mwambie afungue wembe mpya mbele ya macho yako kabla hujainamisha kichwa.