Kipimo cha Mlango wa Kizazi ni cha Mwanamke Asiyeumwa

Nakala ya mazungumzo ya afya yaliyotolewa katika baraza la wananchi



Mhudumu wa zahanati anapomwomba mama apimwe saratani ya mlango wa kizazi, jibu linalosikika sana ni hili: "Lakini mimi siumwi popote." Mama huyo hasemi uongo. Amemleta mtoto kupata chanjo, au amefuata sindano ya kupanga uzazi, na ana haraka ya kurudi sokoni. Kwake, hospitali ni ya mgonjwa. Kwa malaria au homa ya mapafu hilo ni wazo la busara. Kwa saratani hii ndilo linaloleta hatari.

Chanzo chake ni virusi viitwavyo HPV, ambavyo huambukizwa watu wanapojamiiana. Miili ya wengi huvifukuza yenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache hubaki, na polepole hubadilisha chembechembe za mlango wa kizazi. Mpaka mabadiliko hayo yawe saratani, kwa kawaida hupita miaka 10 hadi 20. Muda wote huo mama halii kwa maumivu wala haoni damu. Anapoanza kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au uchafu wenye harufu mbaya, au kuumwa na nyonga na mgongo usiopoa, mara nyingi ugonjwa umeshakwenda mbali. Kila mwaka nchini Kenya inakadiriwa kwamba wanawake zaidi ya 5,000 hupatikana na saratani hii, na zaidi ya 3,000 hufariki. Ndiyo inayoongoza kwa vifo vya saratani miongoni mwa wanawake nchini.

Kupimwa kwenyewe si kazi kubwa. Katika vituo vingi hutumika kipimo cha siki: muuguzi hupaka maji ya siki kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, kisha hutazama. Mahali palipoanza kubadilika hugeuka kuwa peupe. Jibu hutoka papo hapo. Kipimo kingine ni cha kutafuta virusi vyenyewe vya HPV, na hiki kina uwezo zaidi wa kugundua hatari mapema. Sampuli yake mwanamke anaweza kuichukua mwenyewe, faraghani, kwa kijiti chenye pamba au brashi ndogo, jambo linalowasaidia sana wanaoona haya. Kipimo cha Pap smia nacho kipo katika baadhi ya hospitali.

Kabla ya kupima, mhudumu huuliza maswali. Una miaka mingapi? Ulianza kujamiiana ukiwa na umri gani? Unaishi na virusi vya UKIMWI? Unavuta sigara? Umewahi kupimwa, na jibu lilikuwa nini? Wapo akina mama wanaokasirika hapo, wakidhani mhudumu anatafuta umbea. Hatafuti umbea. Anapima hatari ya kila mmoja, kwa sababu wanawake wote hawako sawa mbele ya ugonjwa huu.

Swali la virusi vya UKIMWI ndilo zito kuliko yote. Mwanamke anayeishi navyo ana hatari ya kupata saratani ya mlango wa kizazi mara 6 zaidi ya asiye navyo, na kwake ile miaka 10 hadi 20 inaweza kupungua ikawa 5 hadi 10. Ndiyo sababu huanza kupimwa mapema na kurudi mara nyingi zaidi. Akificha hali yake, atapangiwa tarehe ya mtu mwingine. Mwongozo wa kitaifa unawalenga hasa wanawake wa miaka 25 hadi 49. Asiye na virusi vya UKIMWI, akipimwa HPV na visionekane, kwa kawaida hupimwa tena baada ya miaka 5.

Sasa lipo jambo ambalo halisemwi sana barazani, na limevunja nyumba. Mama hupewa jibu kwamba ana HPV. Anarudi nyumbani, anamweleza mumewe, na neno la kwanza analoulizwa ni: "Umeyatoa wapi?" Au yeye ndiye anayeuliza. Wote wawili wajue kwamba HPV ni virusi vya kawaida kabisa. Watu wengi waliowahi kujamiiana huvipata wakati fulani wa maisha yao. Vinaweza kukaa mwilini kimya kwa miaka mingi, tangu kabla ya ndoa. Hakuna daktari anayeweza kusema vililetwa na nani wala mwaka gani. Wanaume nao hubeba virusi hivi bila dalili. Jibu hilo si ushahidi wa uzinzi, na pia halimaanishi kwamba mama ana saratani. Linamaanisha kwamba anahitaji kutazamwa zaidi.

Na hapa ndipo wengi hupotea. Mama anapimwa, anaambiwa kuna sehemu imebadilika, anapewa tarehe ya kurudi au barua ya kwenda hospitali kubwa, na harudi. Nauli imekosekana, au siku ya soko imegongana na siku ya kliniki, au mume amesema asubiri kwanza mavuno. Miaka inapita. Kupimwa bila kutibiwa hakujamsaidia chochote. Tena matibabu ya hatua hiyo ni mafupi: sehemu iliyobadilika huchomwa kwa kifaa cha joto au hugandishwa kwa baridi kali, na mama hurudi nyumbani siku hiyo hiyo bila kulazwa. Ikiwa sehemu ni kubwa, hukatwa kwa waya mwembamba wa umeme. Kizazi chake hakitolewi. Ukilinganisha na mwezi mzima wa mionzi mbali na watoto, nauli ya siku moja ni ndogo, ingawa kwa nyumba isiyo na kitu hata hiyo si ndogo. Mama aliyekwama kwa nauli amwambie mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake, asinyamaze tu.

Baada ya matibabu hayo, maji maji hutoka ukeni kwa wiki kadhaa, na mama hushauriwa asijamiiane kwa muda wa kama mwezi mmoja ili kidonda kipone. Mume akijua mapema, ugomvi hautakuwepo. Kwa hiyo akina baba wasiulize kwa nini wameitwa kwenye mazungumzo haya.

Akina nyanya nao wasisahauliwe. Kipimo cha siki hakiwafai sana waliokoma hedhi, kwa kuwa sehemu inayotazamwa huwa imeingia ndani. Wao wapimwe kwa njia nyingine. Lakini nyanya aliyekoma hedhi kisha akaona damu, hata tone, asicheke kwamba ujana umemrudia. Damu hiyo inaweza kutoka kwenye saratani ya mji wa mimba, na haingoji kliniki ya mwezi ujao. Saratani ya ovari nayo haina kipimo cha kuwapima wanawake wasioumwa. Tumbo kujaa kila siku, kushiba upesi na kukojoa mara kwa mara kwa wiki kadhaa ni sababu ya kumwona daktari. Aliye na mama au dada aliyeugua saratani ya ovari au ya matiti aiseme habari hiyo hospitalini bila kuulizwa.

Kwa mabinti, chanjo ya HPV ilizinduliwa kitaifa Oktoba 2019, na huwalenga wa miaka 10 hadi 14, bila malipo. Haiharibu uzazi. Utafiti uliofanyika Kisumu, Nairobi na Thika kwa wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 ulionyesha kwamba hata dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya HPV aina ya 16 na 18, zile hatari zaidi, kwa asilimia 97.5 katika miezi 18. Binti aliyechanjwa bado atapimwa akiwa mtu mzima.

Anayekwenda kupimwa asiende akiwa katika hedhi, asijioshe ndani ya uke, na asijamiiane siku moja au mbili kabla. Anaweza kuomba ahudumiwe na muuguzi wa kike. Abebe kitambulisho, leso na kadi ya kliniki, ikiwa anayo. Na kabla ya kutoka chumbani ahakikishe ameandikiwa mambo mawili: jibu lake, na tarehe ya kurudi.