Guinea: Kura ya "La" na Madini Yake



Guinea, nchi ya Afrika Magharibi ambayo mji wake mkuu ni Conakry, ina sehemu nne: mwambao wa Wasusu, milima ya Futa Djallon, wanakoishi Wafulani wengi, mbuga za Wamalinke, na misitu ya kusini-mashariki, makao ya Wakisi na Wakpelle. Mito ya Niger, Senegal na Gambia huanzia nchini humo.

Samori Touré aliwapinga Wafaransa kwa silaha miaka mingi hadi alipokamatwa mwaka 1898. Alifariki uhamishoni, Gabon, mwaka 1900. Tarehe 28 Septemba, 1958, Jenerali de Gaulle aliyataka makoloni yachague ama kubaki chini ya kivuli cha Ufaransa ama kujitenga. Guinea peke yake ilisema "La", kwa zaidi ya asilimia 95 ya kura. Ikajitawala tarehe 2 Oktoba. Wafaransa wakaondoka kwa hasira, wakichukua vifaa na kukata misaada.

Kura ile ilileta bendera. Je, ilileta uchumi huru? Guinea inaongoza duniani kwa akiba ya boksiti, madini yatoayo alumini. Kwa kawaida tani nne za boksiti hutoa tani mbili za alumina, nazo hutoa tani moja ya alumini. Thamani hupanda kila hatua. Kiwanda cha alumina kilianza Fria mwaka 1960, kikasimama tangu 2012 hadi 2018. Boksiti ya Boké imekuwa ikisafirishwa ng'ambo ikiwa ghafi tangu 1973. Siku hizi sehemu kubwa ya boksiti ya nchi hiyo huenda China. Anayeuza udongo na kununua sufuria hajamaliza kujitawala.

Hata hivyo, tusiwatupie wageni lawama zote. Katika utawala wa Rais Sékou Touré, uliokoma kwa kifo chake mwaka 1984, wengi waliteswa katika gereza la Camp Boiro. Humo alifia, mwaka 1977, Diallo Telli, Katibu Mkuu wa kwanza wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Wasomi wengi walikimbia nchi. Taifa likawakosa watu wale wale liliowahitaji.

Ndugu zangu, kumwambia mkoloni "La" kunataka ushujaa. Kuyageuza madini kuwa mali kunataka mafundi, umeme, na raia wanaoweza kuhoji mkataba bila kuogopa gereza. Mafundi na raia hao huandaliwa na mwalimu darasani; mikataba hupitia mikononi mwa mtumishi wa umma.