Vitamini E Mizanini
Matabibu wamekwisha kubaini kwamba sukari inapozidi katika damu, hasa ikiandamana na shinikizo la damu, mwili huzalisha kwa wingi molekuli kali za oksijeni zinazohujumu mishipa, figo na macho. Na kwa kuwa vitamini C na E zina tabia ya kuzizima, ilidhaniwa, tena kwa hoja yenye sura njema, kwamba vidonge vyake vingemkinga mgonjwa. Dhana hiyo ilitiwa mizanini katika uchunguzi uitwao HOPE, uliotangazwa mwaka 2000, ambamo watu zaidi ya 9,000 wenye maradhi ya mishipa au kisukari, umri wao miaka 55 na kuendelea, walimeza ama vitamini E ama kidonge kisicho na dawa kwa kadiri ya miaka minne na nusu. Vitamini haikuwafaa kitu, ilhali ramipril, dawa ya presha iliyojaribiwa humo humo, ilipunguza vifo, mishtuko ya moyo na kiharusi. Na ufuatiliaji uliotangazwa mwaka 2005 ukadhihirisha kuwa udhaifu wa moyo ulizidi kwa waliotumia vitamini ile. Vyakula vyenye vitamini hizo, kama mchicha na mapera, bila shaka, havikushtakiwa. Lakini muuza chupa za vitamini anayemshauri mgonjwa aache dawa ya presha anamdhulumu mali na uhai pamoja.