USO WA NDUGU YETU



Sisi watu wa reli tumezika wenzetu waliokatwa na magurudumu. Jeneza lilifungwa, na mama hakumwona mwanawe. Leo twasema juu ya mafundi watengenezao nyuso za maiti, ili tujue la kuwauliza.

Mafundi hawa hugawa uso mafungu matatu yaliyo sawa: tangu nywele zinapoanza hata nyusi, tangu nyusi hata chini ya pua, na kutoka hapo hata kidevu. Sikio hukaa katika fungu la kati. Upana wa uso ni kadiri ya upana wa jicho mara tano. Kwa vipimo hivyo, pua iliyopotea hufinyangwa kwa nta. Lakini kipimo hakijui kovu la mtu. Hivyo fundi huomba picha. Basi kila mmoja wetu aweke nyumbani picha yake ya karibuni.

Tena, poda nyeupe hufanya ngozi nyeusi kuwa kama majivu. Tudai rangi iliyochanganywa na wekundu na hudhurungi. Na wale ambao dini yao yataka kuosha na sanda tu, wasilazimishwe.

Jambo kubwa ni hili: nta huficha jeraha. Sheria ya mwaka 2007 ya fidia ya walioumia kazini yawapa haki waliomtegemea marehemu, lakini haki yataka ushahidi. Daktari apime na kuandika kwanza. Fundi aje baadaye. Tusikubali kinyume chake.