Neno juu ya Misereor
Hotuba ya katekista siku ya Yubile ya Parokia



Tumepewa kazi ya kusema juu ya misaada itokayo kwa wakristu wa mbali, hasa juu ya shirika la Misereor. Jina hilo wengi wamelisikia, wachache wanajua maana yake. Ni neno la Kilatini (katika seminari ndogo tulilitamka kabla ya kulielewa), maana yake «naona huruma». Latoka katika Injili ya Marko, sura ya 8, pale Bwana Yezu alipoyaona makutano yamekaa naye siku tatu bila chakula.

Mwaka 1958 Maaskofu wa Ujerumani walikutanika Fulda. Kardinali Josef Frings, Askofu Mkuu wa Köln, aliwaomba waanzishe mchango wa kupigana na njaa na magonjwa duniani. Vita ilikuwa imekwisha miaka 13 tu; wengi wa waliotoa walikuwa wameionja njaa wenyewe. Sadaka ya kwanza ilikusanywa Kwaresima ya 1959, na mpaka leo yakusanywa kila mwaka. Makao ya shirika yako Aachen.

Sasa kuna manung'uniko tunayoyasikia nje ya kanisa baada ya Misa, wala hatuwezi kuyapita kimya. Watu huuliza: «Mbona Misereor hawatupatii mabati ya kanisa?» Ndugu, tangu mwanzo Kardinali aliweka mpaka: mchango huo si wa kueneza dini. Ni wa maskini, awe mkatoliki, mprotestanti, mwislamu ao mtu asiye na dini. Mabati ni kazi ya mikono yetu.

Tena Kardinali alitaka wenye nguvu waambiwe ukweli katika dhamiri zao. Ndiyo sababu shirika hilo husaidia pia wale wanaotetea haki. Kumpa mjane unga ni huruma. Kusimama naye mbele ya chifu ili shamba lake lisinyang'anywe ni huruma vilevile, nasi twaona ni ngumu zaidi, kwani unga hauleti maadui.

Misereor haitumi watu wake kuja kulima kwetu. Hupokea maombi ya vikundi na ofisi za hapa hapa, hutazama wenyewe wanatoa nini, kisha hudai hesabu. Wengine huona hesabu hizo kama dharau. Sisi hatuoni hivyo: feza ile ni sadaka, pengine ya mama mzee aliyejinyima Kwaresima nzima.

Lililo baya ni maombi yanayoandikwa mjini na mtu mmoja, na mama wanaochota maji hawajaulizwa hata neno. Basi twaomba hivi: ombi la chemchemi lisomwe kwa sauti katika kila shirika la mtaa kabla halijapelekwa jimboni, na mama wenyewe waseme chemchemi ijengwe wapi, na nani atashika ufunguo wa kasha.