Mtu wa Nne: Maneno juu ya Vijana Wetu wa Mbio za Nyika
(Yalisomwa na karani wa chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Malava)



Halmashauri imeniagiza niseme machache juu ya watoto wetu wanaokimbia mbio za nyika mashuleni. Mimi si mwalimu wa michezo. Kazi yangu katika chama hiki ni barua na hesabu, na sikutazamia kwamba siku moja ningesimama mbele yenu kuzungumza habari za miguu. Lakini mbio hizi nazo ni kazi ya hesabu, na hesabu hiyo chama chetu kimekuwa kikiikosea kwa miaka kadhaa. Kosa limo katika daftari langu mwenyewe, kwa hiyo ni haki nilitaje mimi kabla hajalitaja mwingine.

Ukilifungua daftari la zawadi utakuta kila mwaka mstari mmoja: kwa mvulana aliyetangulia, blanketi na fedha kidogo, kwa msichana aliyetangulia, vivyo hivyo. Chini yake pameachwa wazi. Tumefanya hivyo kwa nia njema, kwa maana kila mmoja wetu, akisikia neno mbio, humfikiria mtu mmoja tu, yule wa mbele.

Mbio za nyika haziko hivyo. Hazikimbiwi katika uwanja wenye mistari. Hukimbiwa katika majani, matope, vilima na mitaro, na wakimbiaji wa timu zote huondoka pamoja kwa mlio mmoja. Nichukue kanuni ya mashindano ya dunia ya siku hizi: kila timu hutoa watu sita, na wanne wa kwanza kati yao huhesabiwa. Mahali pengine idadi hubadilika. Katika vyuo vikuu vya Marekani hukimbia saba wakahesabiwa watano. Njia ya kuhesabu ni moja. Nafasi za wale wanaohesabiwa hujumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo iliyoshinda.

Tazameni basi. Shule moja inashika nafasi ya 1, ya 2, ya 3 na ya 40. Jumla yake ni 46. Shule nyingine haina hata mmoja aliyeonekana mbele. Watoto wake wamekuwa wa 8, wa 9, wa 11 na wa 14. Jumla yao ni 42. Hao wa pili ndio washindi, na wale watatu waliotangulia, waliopigiwa makofi na vigelegele, wanarudi nyumbani bila kikombe. Tena kanuni inasema kwamba timu isiyofikisha idadi ya kuhesabiwa haipewi nafasi yo yote. Watatu wakimaliza na wa nne akakaa njiani, timu hiyo ni kama haikuja.

Nayajua hayo kwa sababu mtu aliyekaa njiani nilikuwa mimi.

Mwaka 2007 nilikuwa kidato cha pili katika shule ya misheni. Tulikuwa sita. Siku ya mashindano mmoja aliamka na homa, mwingine akateguka kifundo cha mguu katika mzunguko wa kwanza. Mwenzetu mmoja alikuwa mbele kabisa, wawili wakimfuata si mbali. Mimi nilikuwa nyuma, sijui wa sitini au wa sabini, na kichomi kimenishika ubavuni. Tulipofika penye shamba la miwa ambapo watazamaji hawakuwapo, nilijiuliza: nani ananitazama? Kuna faida gani mtu wa sabini akiwa wa themanini? Nikaketi ukingoni mwa mtaro. Niliwaona watoto wanene wakinipita, wazee wangu, watoto wanene wanaohema kama ng'ombe wa plau, nami nimekaa.

Mwenzetu yule alishinda. Akaendelea peke yake kwenye ngazi ya juu, na wale wawili waliomfuata wakarudishwa darasani, kwa sababu timu yetu haikuhesabiwa. Laiti ningalitembea tu hadi mwisho, tungaliingia katika hesabu. Mmoja wa wale wawili hakukimbia tena. Leo ni dereva wa bodaboda hapa hapa kituoni Malava, na kila anionapo nikipita na mkoba wa chama hunisalimu kwa jina la Wa Nne. Watu hudhani ni jina la heshima.

Machi 24 ya mwaka huo huo mashindano ya dunia yalifanyika Mombasa, nasi tuliyasikiliza katika redio ya bweni. Joto la pwani lilikuwa kali mno. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa hajashindwa katika mbio hizo tangu mwaka 2002, alisimama katika mzunguko wa mwisho akatoka njiani, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Niliposikia hayo nilijifariji: hata bingwa ameketi! Ilikuwa faraja ya bure, nami niliijua kuwa ni ya bure, lakini niliishika kwa miaka kumi.

Iliyonipokonya faraja hiyo ni habari ya Kampala. Mwaka 2017 mashindano ya dunia yalikuwa Kololo, na Joshua Cheptegei, kijana wa Kapchorwa, upande ule wa pili wa Mlima Elgon, aliongoza mbele ya watu wa nchi yake. Katika mzunguko wa mwisho nguvu zilimwisha ghafula. Geoffrey Kamworor wetu akampita, kisha wengine, kisha wengine tena. Mtu aliyekuwa akishangiliwa na uwanja mzima alianza kuyumba kama mlevi, na kila mtu alikuwa akimtazama. Hakuketi. Alijikokota akamaliza, wa 30. Miaka miwili baadaye, huko Aarhus, Denmark, Cheptegei alishinda, na timu ya Uganda ikashinda pia. Mimi nilikaa mahali ambapo hakuna mtu. Yeye alimaliza machoni pa dunia. Sina la kuongeza hapo.

Sasa wapo wanaosema kwamba mbio si kazi yetu sisi wa Kabras, ni kazi ya Wanandi, na kwamba sisi tuna mpira na miwa. Neno hilo lina ukweli nusu. Kakamega mjini ni kimo cha mita 1,500 na kidogo juu ya usawa wa bahari; Eldoret imepita 2,000, na Iten hufika 2,400. Mtoto aliyezaliwa kwenye hewa nyepesi ile ana mtaji ambao wetu hana. Lakini kaunti yetu ina kaunti ndogo 12, na Lugari na Likuyani ziko juu kuliko sisi. Na magharibi hii yetu haikukosa watu. Edith Masai wa Mlima Elgon alikuwa amepita miaka 30 alipoanza kuwa bingwa wa dunia wa mbio fupi za nyika, akashinda mara tatu mfululizo, 2002, 2003 na 2004. Linet Masai, naye wa mlima huo huo, alishinda mbio za wasichana pale Mombasa siku ile Bekele alipotoka.

Mimi naona zaidi ya hayo. Kama hatuwezi kwa urahisi kumtoa mtu wa kwanza wa kumpita Mnandi, basi hesabu ya mbio za nyika ndiyo mlango wetu. Watoto wanne wanaokimbia karibu karibu, wakingojana na kusukumana, huweza kuishinda timu yenye nyota mmoja na mikia mitatu. Timu ya wanaume ya Kenya ilitwaa ubingwa wa dunia mara 18 mfululizo, kuanzia 1986 hadi 2003. Majina tunayoyakumbuka ni ya John Ngugi na Paul Tergat, ambao kila mmoja alishinda mara tano. Lakini katika miaka mingi ya enzi yao walihesabiwa watu sita, na ubingwa ule ulishikwa na yule wa sita, ambaye hapa ndani hakuna awezaye kunitajia jina lake.

Niseme kidogo jinsi msimu wenyewe ulivyo, kwa ajili ya wale wasioufuata. Huanza mwanzoni mwa mwaka, wakati jua ni kali na njia ni vumbi, kabla ya masika. Watoto huchujwa shule kwa shule, kisha huenda ngazi kwa ngazi hadi kaunti, na waliofaulu huiwakilisha Kakamega mbele. Mazoezi ni alfajiri, kandokando ya msitu wa Malava au katika vijia vya mashamba. Wengine hukimbia kwenye barabara kuu ya Webuye, jambo linalonitia hofu kila siku, kwa maana matrekta ya miwa hayamngoji mtoto. Wengi wao hukimbia tumbo tupu. Nimewauliza: kikombe cha uji wa wimbi kabla ya darasa wangekihesabu kuwa ni sikukuu.

Na sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niombe nafasi hii.

Msimu uliopita shule moja ya jirani ilikuwa na wasichana wanne tu waliokuwa tayari. Siku ya mashindano walifika watatu. Wa nne alibaki nyumbani kumtunza mdogo wake, kwa kuwa ilikuwa siku ya soko na mama yake alikuwa na ndizi za kuuza. Wale watatu walikimbia vizuri ajabu, na timu yao haikuhesabiwa. Chama chetu kilimpa blanketi yule aliyetangulia, nami niliandika mstari wangu katika daftari.

Nilikwenda kumwona mama wa yule wa nne. Sikwenda kumlaumu, wala leo simlaumu. Huenda yumo humu ndani, naye anajua kwamba nilikunywa chai yake. Alinijibu kwa upole: "Mwanangu karani, huyu wangu si wa kwanza. Yule wa kwanza mwampa blanketi. Huyu wangu mngempa nini?" Nilirudi nyumbani bila jibu. Mama yule alikuwa amelisoma daftari letu kuliko mimi ninayeliandika.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, Halmashauri inaleta pendekezo hili. Fedha za blanketi zikome. Badala yake fedha hizo zitumike kwa timu nzima za shule zetu, wavulana na wasichana kwa kipimo kimoja: uji wa asubuhi katika wiki za mazoezi, nauli ya siku ya mashindano, na viatu vya misumari ambavyo vitakuwa mali ya chama, vikiazimwa na kurudishwa. Kila shule itakayoleta timu kamili hadi mwisho wa njia, hata ikiwa ya mwisho, itaandikwa katika ripoti hii kwa majina ya wote. Na siku ya mashindano ikiangukia siku ya soko, wanachama wa mtaa watamsaidia mzazi, mmoja amshikie mtoto, mwingine amchukulie mzigo.

Najua mzee mmoja atauliza fedha zitatoka wapi, kwa kuwa ameshaniuliza mlangoni. Kwa heshima zote, nami nimuulize: ni wangapi kati yetu waliokwenda mwaka huu hadi Shinyalu kutazama mafahali wakipigana, kwa nauli yao wenyewe, na kurudi na sauti zimekauka? Siwakatazi. Mimi pia nilikwenda. Nasema tu kwamba nauli ya kutazama ng'ombe ilipatikana.

Jambo la mwisho ni la umri, na ni la kalamu yangu. Mbio za vijana ni za walio chini ya miaka 20, na mara mbili nimeombwa niandike barua ya chama kumpunguzia kijana miaka yake. Sikuandika, na sitaandika, hata nikiletewa kuku. Kijana mkubwa akiingizwa hivyo, mtoto halali hutolewa, na kwa kawaida anayetolewa ni wa nne.

Karatasi ya pendekezo iko mezani kwa Mweka Hazina. Wanaokubali watie sahihi au kidole gumba kabla ya saa kumi, maana wasichana wale wanne wanaanza mazoezi Jumatatu, na bado sijanunua wimbi.