Masikio Yetu Katika Huduma ya Uimbaji

Mazungumzo ya afya kwa wanakwaya na wageni, Jubilei ya Fedha, Embulbul



Nimepewa dakika chache nizungumze kuhusu afya. Katika kwaya, tukisikia neno afya tunafikiria koo: maji ya uvuguvugu, tangawizi, asali. Leo naomba tupande juu kidogo, tufike sikioni. Mwimbaji huipata noti kwa sikio kabla ya kuitoa kwa koo. Mwenye sauti nzuri asiyesikia wenzake hutoka kwenye wimbo, na anaweza kutoka na besi yote.

Katika miaka hii 25 wako ndugu waliopungua mazoezini polepole. Hawakugombana na mtu. Kwanza mtu huuliza jirani, "Amesema wimbo namba ngapi?" Baadaye anahamia safu ya nyuma, kisha haji. Sisi tunasema amezeeka, au amepoa kiroho. Mara nyingine ndugu huyo ameacha kusikia tu, na ameona haya kusema.

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kidogo kilichojikunja kama konokono. Humo mna chembe zenye vinyweleo, kama 15,000 katika kila sikio, zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Sauti kali huzilaza kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Zikipumzika zinaweza kuinuka. Zikipigwa tena na tena hufa, na kwa binadamu hazioti upya. Kwa kawaida zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba. Ndiyo maana mzee hukwambia, "Nakusikia, lakini sikuelewi." Vokali zinamfikia, lakini s, f na t zimepotea, hata "sita" na "fika" zinakaribia kuwa neno moja.

Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 inaweza kusikilizwa saa 40 kwa wiki bila hatari kubwa. Ikifika 90, ni saa 4 tu. Ikifika 100, ni dakika 20 kwa wiki nzima. Sasa fikiria kijana wetu hapa Bulbul. Mchana kutwa yuko karakana ya kuchomelea vyuma, jioni amepanda 111 yenye muziki mzito, usiku yuko kwenye kesha kando ya spika, akirudi nyumbani anaweka spika za masikioni. Sikio linajumlisha yote hayo. Haba na haba hujaza kibaba.

Hatuhitaji mitambo kujua tumezidisha. Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, hapo pana kelele mno. Ukitoka ibadani masikio yanalia au yameziba, yamekuonya.

Kwa hiyo naiomba kwaya mambo manne. Kwanza, spika zikae mbele yetu, juu ya vichwa, zikielekea waumini. Zisiwe mgongoni mwetu wala karibu na watoto. Pili, fundi wa mitambo aanze na sauti ya chini, na mwalimu wa kwaya awe na ruhusa ya kusema "punguza" bila mtu kuudhika. Tatu, mazoezi marefu yawe na mapumziko ya kimya, na mpiga ngoma apewe vizibo vya masikio. Pamba peke yake haitoshi. Nne, tukumbuke majirani. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2009, nasi makanisa hatukuachwa nje. Mgonjwa aliyelala nyumba ya pili naye ni kondoo wa Bwana.

Nyumbani, tuache kuchokoa masikio kwa njiti ya kiberiti, pini ya nywele au ufunguo. Nta hulinda sikio, na mara nyingi hutoka yenyewe. Mtoto anayetoka usaha sikioni asitiwe mafuta ya moto, kitunguu saumu wala maziwa ya mama, apelekwe hospitali. Watoto wapate chanjo ya surua na rubela. Ukipewa dawa kali kama sindano za jentamaisini, mweleze daktari ikiwa masikio yanalia. Na sikio likizima ghafla, nenda siku hiyo hiyo, usingoje Jumatatu.

Kwa ndugu ambao kusikia kumeshapungua: hamjamaliza huduma. Beethoven alikuwa karibu kiziwi kabisa Simfonia yake ya Tisa, yenye kwaya ndani yake, ilipoimbwa mara ya kwanza mwaka 1824. Fanyeni kipimo cha kusikia. Kliniki za masikio zipo, ikiwemo ya Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Huenda ni nta tu. Ikiwa ni zaidi, kuna vifaa vya kusaidia kusikia. Kifaa hicho kinahitaji wiki kadhaa za kuzoea, kwa hiyo msikiweke kabatini siku ya tatu. Kuvaa miwani hakumwaibishi mtu. Na hiki kisituaibishe.

Nasi wengine tujifunze kusema nao. Simama mbele yake, penye mwanga, aone midomo yako. Sema polepole bila kufoka. Asipoelewa, badilisha maneno. Usimwambie kamwe, "Achana nayo, si muhimu." Namba ya wimbo iandikwe ubaoni. Na kwa viziwi, Katiba ya 2010 inaitambua Lugha ya Ishara ya Kenya, na hapo Karen tuna chuo cha ufundi cha viziwi. Ni majirani zetu. Je, wakija ibadani watampata nani wa kuwakaribisha kwa lugha yao?

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Yetu bado yako hai. Mwezi huu wa jubilei, kila mmoja wetu amtembelee mwanakwaya mmoja aliyeacha kuja. Usianze kwa kumuuliza kwa nini amepotea. Keti karibu naye, mtazame usoni, umuulize kama anatusikia.

Mungu awabariki, na aibariki miaka 25 inayokuja.